Yule Beberu Uliyemsingizia

Mama,

Kwa heshima na taadhima, na mbele ya mashahidi wawili ambao ni kuku wa jirani, ninakutangazia rasmi kwamba mwanao wa kwanza, fundi wa nguo, mwenye umri wa miaka arobaini na tatu na kitambi kinachokua bila kumwagiliwa maji, sasa ananawa miguu. Ananawa kila siku saa kumi na moja jioni, nyuma ya jikoni, ndani ya karai, kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Kwa robo saa hiyo hakuna ruhusa ya kumsemesha. Hata mteja. Hata mwenye nyumba. Tangazo limekwisha.

Najua unacheka. Wewe ndiwe uliyekuwa ukiniambia, "Kioko, miguu hii ikipandwa mahindi yataota." Basi mahindi hayaoti tena. Majirani wamelijadili jambo hili mpaka wakalichoka. Mama anayeuza sukuma wiki kando ya kibanda changu alimwuliza mke wangu kwa sauti ya chini kama nina ugonjwa wa sukari. Mwingine aliuliza kama nimeingia kanisa jipya, moja ya yale ya kuoshana miguu. Nikamwambia ndiyo, nimeingia, ila waumini tuko mmoja, na nafasi zipo.

Tangazo la pili ni kwamba debe lako ninalo. Lile la bati, lenye kipini cha mbao ulichokitia mwenyewe. Nimelileta hapa Machakos mjini, liko chini ya meza ya kukatia. Moyo ukianza kuchemka, pengine wale wavulana wangu wawili wamegombania kifuniko cha chupa tangu asubuhi, na mteja amesimama mlangoni akidai suruali niliyomwahidi Jumatatu na leo ni Alhamisi, naweka mkasi chini, nachukua debe, naondoka. Bomba liko uani, hatua kumi kutoka mlangoni. Nalipita. Naenda mpaka lile la upande wa pili wa soko, napanga foleni nyuma ya akina mama, mwanamume peke yangu, tepu ya kupimia ingali shingoni. "Fundi, bibi amekufukuza?" "Bado," nawajibu, "lakini nafanya mazoezi."

Wanacheka. Mimi pia nacheka. Nikirudi debe limejaa na mikono yangu imetulia.

Unaona ninavyozunguka, Mama. Nimekaa kukuandikia jambo moja, nami nimekuwa kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Jambo lenyewe ni hili: mjukuu wako aliumia mkono mwezi wa kwanza. Mfupa ulipasuka karibu na kifundo. Akafungwa plasta wiki sita. Watu wote niliwaambia alianguka.

Ngoja nianzie nyuma kidogo, nipate pumzi.

Unakumbuka siku tulipompa jina lako. Binti wetu wa kwanza, kwa hiyo hapakuwa na mjadala, ni Syombua kama wewe. Na tangu siku hiyo sikumwita Syombua. Nilimwita Mwaitu, mama yangu, kama tunavyofanya sisi, kwa kuwa anayebeba jina la mama yako ni mama yako. Ulipokuwa ukitutembelea nilikuwa nikiita "Mwaitu" mara moja tu, mnaitika wawili, wewe ukiwa jikoni na yeye akiwa chini ya meza. Ulifurahi kama mtu aliyeongezewa shamba. Siku moja alinikojolea suruali yangu ya Jumapili, nikainua mkono kwa mchezo, nawe ukasema bila hata kugeuka, "Huyo ukimgusa umenigusa mimi." Tulicheka wote.

Halafu ukafa.

Sikulia, Mama. Siku ya tatu baada ya mazishi nilikuwa nimerudi kwenye cherehani, na watu wakasema fundi amejikaza. Mimi mwenyewe nilisema hivyo. Sikuona kwamba machozi yaliyokosa njia ya macho yalikuwa yakitokea mdomoni. Nilipiga kelele kwa sababu bobini ya uzi imepotea. Nilipiga kelele kwa sababu chai ina utando. Kijiko kikianguka sakafuni nilikuwa nikiruka kama nimechomwa. Nilifanya kazi tangu alfajiri, nikala nimesimama, na mtu akiniambia nipumzike nilimwona kama anayenitukana. Nikiingia nyumbani, redio ilipunguzwa sauti na watoto wakaketi wima. Nikafikiri ni heshima.

Mwezi wa kwanza ndio mwezi wa sare za shule, unajua. Mwezi huo fundi halali na hapendwi. Ndani ya mwezi huo ndipo mkono ukavunjika.

Wiki moja baadaye mke wangu, ambaye siku hizo alikuwa akinisemesha kwa maneno yanayotosha tu, aliniambia, "Nenda nyumbani Mwala ukaangalie kama mchwa wameingia paani." Mchwa sikujua kama wapo. Nilichojua ni kwamba nafukuzwa kwa adabu. Nikaenda.

Nilimkuta dada yako, mama mdogo Wayua, ameketi mlangoni pako akipepeta mbaazi. Amehamia pale ili nyumba isilie peke yake, ndivyo anavyosema. Tukasalimiana, akanipa maji, akauliza, "Na Mwaitu wako hajambo?"

Nikasema aliumia mkono, alianguka.

"Alianguka wapi?"

"Kwenye ngazi."

"Ngazi ipi, Kioko? Nimelala kwako mara tatu. Nyumba yenyewe haina hata kizingiti."

Nikaanza kucheka. Unajua mimi, nikishikwa nacheka. Mama mdogo akaweka ungo chini. Akaja, akanishika kidevu kama mtoto, akaweka kidole gumba hapa juu ya jicho la kushoto, kwenye lile kovu langu linalokata nyusi.

"Na hii uliitoa wapi?"

"Beberu alinipiga pembe."

"Nani alikuambia?"

"Mama."

"Ndiyo," akasema. "Mama alikuambia."

Mama, mimi namkumbuka yule beberu. Mweupe, mwenye ndevu za mzee wa baraza. Nakumbuka pembe zikinijia. Nimewasimulia watu kisa hicho kwa miaka thelathini na minane, na kila mwaka pembe zinarefuka. Nilimsimulia mke wangu tulipokuwa tukichumbiana, akanionea huruma, na sina hakika kama bila beberu yule angenikubali. Sasa mama mdogo ananiambia, mbele ya mlango wako, akiwa ameshika uso wangu, kwamba siku ile beberu alikuwa amefungwa upande wa pili wa mto.

Aliniambia kila kitu. Nilikuwa na miaka mitano. Ulikuwa mwaka wa njaa, mto ni mchanga mtupu, na ulikuwa umeondoka gizani kwenda kufukua maji, ukarudi jua likiwa kichwani na debe moja. Mimi nilitaka kuona kama gunzi la mahindi linaweza kuelea. Nikalivuta debe. Likalala ubavu, sakafu ikanywa maji yote. Wewe ulikuwa ukisonga ugali, mwiko mkononi.

Mama mdogo hakusema kama ulinilenga au uliutupa tu. Nami sikuuliza.

Alisema aliposikia ukelele alikuta umenikumbatia, umenifunga uso kwa leso yako, na damu imekufika kiwikoni, nawe unatetemeka kuliko mimi. Baba aliporudi ulimwambia ni beberu. Aliamini, kwa kuwa beberu yule alikuwa na rekodi mbaya. Krismasi akachinjwa. Na mimi, kama mwathiriwa, nikapewa ini lote peke yangu. Nililila, Mama. Nililila ini la asiye na hatia na nikaomba nyongeza.

Niliketi chini pale pale kwenye maganda ya mbaazi. Sikuweza hata kusema kitu cha mzaha, na unajua hiyo kwangu ni sawa na kuzimia. Nilikuwa nikijigusa nyusi kama mtu anayetafuta miwani.

Kisha mama mdogo akanionyesha debe, limening'inia ukutani. Akasema siku ileile ya mwiko ulilazimika kurudi mtoni, maji hayakuwapo. Ukaenda, ukafukua, ukaketi mchangani ukaosha miguu, ukakaa mpaka moyo ukarudi mahali pake. Uliporudi ulikuwa mtu mwingine. Ukamwambia, "Wayua, nimegundua mto unanifaa hata wakati wa maji tele." Na tangu siku hiyo, kila hasira ilipokupanda, ulichukua debe.

Hapo ndipo nilipopigwa kweli, kuliko mwiko. Kwa sababu mimi nilikuwapo, Mama. Niliyaona hayo utoto wangu wote. Tukigombana, tukivunja kitu, mbuzi wakiingia kwenye kunde kwa uzembe wetu, wewe ulinyamaza ghafla, ukachukua debe, ukaondoka. Na mtungi umejaa mpaka mdomoni. Nilikuambia siku moja, "Mama, maji yapo." Ukasema, "Hayo ni ya jana." Nikaamini kwamba maji yanachacha. Niliamini hivyo mpaka nikaoa. Na wakati mwingine niliketi kizingitini nikiona mgongo wako unapungua njiani, nikafikiri unapenda mto kuliko unavyotupenda sisi.

Kumbe ulikuwa ukiipeleka mikono yako mbali nasi.

Ukirudi, miguu yako ilikuwa safi mpaka kwenye vifundo, na juu yake vumbi. Uliweka debe chini, ukasema, "Haya, tulikuwa wapi?" Kama mtu aliyetoka kuzima moto jikoni akarudi kwenye hadithi. Tena ulituadhibu, hatukusalimika, tulifagia banda la mbuzi mpaka mikono ikaota malengelenge. Lakini hukutupiga tena hata siku moja. Nilijivunia hilo kwa wenzangu shuleni. Nilisema mama yangu hana hasira.

Nikuambie kweli, nilikukasirikia. Nimekukasirikia njia nzima ya kurudi mjini, debe magotini. Ulikuwa na dawa, ukanificha dawa, ukaniachia hadithi ya beberu. Ungeniketisha siku moja, hata nilipokuwa nimeoa, ukaniambia, "Kioko, mimi nina mkono mwepesi, nawe ni mwanangu, jihadhari. Tafuta mto wako." Labda ningelicheka. Mimi hucheka. Lakini ningelikumbuka.

Halafu hasira ikaniishia ghafla, kwa sababu nilijiuliza mimi nilikuwa nikifanya nini wakati huo huo. Mimi ninajenga ngazi kwenye nyumba isiyo na ngazi. Na huko shuleni mtoto wa miaka tisa anawasimulia wenzake jinsi alivyoanguka, na mwakani ngazi itakuwa ndefu zaidi, na siku moja, akiwa na watoto wake, atakuwa anaikumbuka kabisa.

Siku ya kutoa plasta tulikwenda hospitali sote watatu. Sista akasoma kadi, akasema kwa upole, "Huyu ndiye aliyeanguka, siyo?" Mwaitu akasema ndiyo, haraka, kabla ya mtu mwingine kufungua mdomo. Nikasema, "Hapana." Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. Nikasema, "Hakuanguka. Nilimpiga mimi."

Sista akaweka kalamu chini. Aliniangalia kwa muda mrefu, jinsi mimi ninavyoangalia kitambaa kilicholetwa kifupi. Mtoto na mama yake wakapelekwa chumba cha pili wakaulizwa peke yao. Mimi nikaketishwa mbele ya mama mmoja wa makamo, mwenye miwani na cheo, akaniuliza maswali kwa saa nzima. Hakunipigia kelele. Laiti angenipigia. Akaniambia tutarudi kwake kila wiki mbili, sote, na tusipokuja watakuja wao, tena si peke yao. Kisha akauliza, "Na wewe unapumzika saa ngapi?"

Nikacheka.

"Sijachekesha," akasema.

Basi nikamweleza habari za debe, nikitarajia ashangae. Aliandika tu. Akasema debe ni zuri, endelea nalo, lakini mtu asingoje mpaka moyo uchemke ndipo atafute maji. Kila siku lazima pawe na robo saa ambayo si ya cherehani wala ya mtoto wala ya mteja. Akasema niwe ninakula chakula cha mchana nimekaa. Na nikulilie, akasema, siku ikija ya kulia. Karai na chumvi ni nyongeza yangu mwenyewe, usije ukamlaumu mama wa watu.

Ile ya kulia ilikuja Jumanne moja, ndani ya karai. Wale kuku wa jirani waliondoka kwa heshima.

Mwaitu bado haji karibu na cherehani. Zamani ndipo alipofanyia kazi za shule, kichwa chake kikigonga goti langu. Sasa anaketi mlangoni, mgongo kwenye fremu, mahali anapoona mikono yangu yote miwili. Simwiti. Nimemwambia mbele ya mama yake kwamba kosa halikuwa lake, kwamba alichokifanya hakikustahili kile nilichokifanya, na kwamba akiulizwa na mtu yeyote aseme kweli, hata kama mimi nimesimama pale. Alisikiliza, akauliza kama anaweza kwenda kucheza. Juzi nilipotoka na debe alinifuata kwa nyuma mpaka kona ya soko, kisha akarudi. Leo amefika bombani. Alisimama mbali, upande wa pili wa foleni, akinitazama nikichekwa na akina mama. Nilipolijaza debe nilisema kwa sauti ya kawaida, nikitazama maji, "Haya, tulikuwa wapi?" Alitembea mbele yangu mpaka nyumbani, na hakugeuka kuangalia nyuma.

Ahadi yangu kwako ni hii, Mama. Barua hii sitaizika wala kuichoma. Naikunja ndani ya kadi yake ya hospitali, kwenye lile kopo la bati la vifungo, na siku atakapokuwa mkubwa, akijigusa mkono na kuuliza, atapewa aisome. Hataachiwa ngazi. Na wewe nimekusamehe kovu, na beberu, na ini. Sijui kama mimi nitasamehewa, na sitamwomba mtoto anisamehe ili mimi nilale vizuri. Nitanawa miguu yangu, nitaondoka na debe, nitarudi. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Kwaheri, Mama. Pumzika. Kwaheri naiandika hapa juu kwa sababu maneno ya mwisho ya karatasi hii si yako, ni ya binti yangu. Hivi ndivyo ilivyokuwa.

Ilikuwa Jumamosi, shule zinafunguliwa Jumatatu. Sikuwa nimekula tangu chai ya asubuhi. Nilikuwa na sare kumi na mbili za kumaliza, na mama mmoja aliyekuja kutoka Kithimani alikuwa ameketi kwenye benchi langu tangu saa nne akisubiri nguo za wanawe, akisonya kila nikipita. Nilifunua kitambaa cha kijivu nilichokuwa nimekikunja tayari kukikata, nikakuta katikati yake pana tundu. Tundu la mraba, limekatwa vizuri kwa mkasi, kingo zimenyooka kuliko ninavyokata mimi. Mwaitu alikuwa chini ya meza. Kile kipande kilikuwa mkononi mwake, na sindano, na rinda lake la shule.

Tangu mwaka uliotangulia alikuwa akiniomba nimtilie mfuko kwenye rinda lile. Mfuko mmoja tu, wa kuwekea penseli, kwa sababu wenzake wote walikuwa nao na yeye, mtoto wa fundi, hakuwa nao. Kila mara nilimwambia kesho. Alichoka kungoja kesho.

Nilimvuta kwa mkono. Nikachukua rula ndefu ya mbao. Nikamwita jina lake la Mwaitu, nikasema, "Mwaitu, leo utanijua," nikampiga begani, na nilipoinua mara ya pili alikinga uso kwa mkono. Nikaona ameukinga. Niliona, na sikuacha. Kulikuwa na sauti ndogo, kama ya kifungo kikikatika. Yule mama wa Kithimani akasimama. Mke wangu akaja mbio kutoka uani, akamchukua mtoto, akaniambia polepole, "Umempiga mama yako."

Mwaitu hakulia wakati ule. Alisema, "Pole, Baba. Nilitaka mfuko."

Mfuko nimemshonea, miwili. Imechelewa kwa mkono mmoja.

Hospitalini, siku ileile, sista aliuliza, "Umeumiaje?" Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, bado natafuta maneno. Mwaitu akageuza shingo, akanitazama usoni, kisha akamgeukia sista, akasema, "Nilianguka." Ana miaka tisa. Hakuna aliyemfundisha. Sista akaniangalia mimi, baba mtu, athibitishe.

Nami nikatikisa kichwa, kwamba ndiyo.